Mkwaruzo wa Ubavu wa Kushoto

3 Februari

Mdogo wangu Nyundo,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, ila meno. Kipusa amepoteza jino la pili la mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Kicheko kikimshinda anaziba mdomo kwa daftari. Mama yake bado yuko zamu za alfajiri hospitalini, kwa hiyo kumpeleka mjukuu wangu shule ni kazi yangu, na nashukuru, maana tangu nistaafu ualimu hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo kuna mtu ananisubiri mimi. Anakaa palepale pake, kiti cha nyuma, dirisha la kushoto, ananisomea mabango yote ya madukani kwa sauti. Nikimkosoa ananiambia, "Bibi, hapa si darasani." Haya, ndio wajukuu wenyewe hao.

Wifi yangu hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia imenifaa sana, mvua za huku hazina adabu.

Sasa nikuambie kilichonikalisha na kalamu, kabla hujauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe na mimi tumelelewa na mzee mmoja: salamu zipelekwe na mdomo, la maana liandikwe. Gari langu limekwaruzwa. Niliegesha nje ya duka la dawa, nikaingia dakika tano, natoka nakuta ubavu wa kushoto umechanwa tangu fenda ya mbele mpaka mlango wa nyuma. Aliyefanya hivyo alikuja kutoka nyuma, akapita, akakimbia, wala hakuacha hata kijikaratasi. Watu hawana haya.

Swali langu ni fupi. Nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe. Je, nidai bima, au nimpe fundi wa hapa mtaani anyooshe bati, apige rangi, yaishe? Mimi moyo wangu uko kwa fundi. Bima ni makaratasi, na makaratasi nimeyasahihisha miaka thelathini na minne, nimechoka nayo. Nimetia picha humu ndani. Wewe ndiye fundi wa bodi katika ukoo huu, kwa hiyo nijibu upesi.

Dada yako

*

17 Februari

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Barua imefika na sweta imesifiwa, wifi yako ametembea nayo hiyo sifa nyumba tatu. Afya zetu njema. Tumegombana kidogo juu ya kigoda cha sebuleni. Kila siku anakihamisha, kila siku nakigonga kwa goti. Yeye anaapa hajakigusa tangu mwaka jana. Nimemwambia basi kina miguu minne, kinatembea chenyewe. Gerejini kazi ipo, ila siku hizi sishiki bomba la rangi. Wanapaka wenzangu, mimi nasimamia. Utu uzima dawa, si lazima nivute harufu ya rangi mpaka kaburini. Mpe pole Kipusa, mwambie mimi nilipoteza meno manne na bado nilipata mke.

Haya, gari. Kanuni yangu kwa wateja ni hii: kipande kimoja cha bodi kikikwaruzwa, usiisumbue bima. Kuna sehemu ya kwanza ya gharama utalipa mwenyewe, halafu mwakani watakunyima lile punguzo la kutodai, na ukipiga hesabu umejisumbua bure. Lakini wewe unanitajia fenda na milango miwili. Hapo fundi wa mtaani atakuzibia kwa puti nene, ule uji mzito wa kuzibia mabati, gari ling'ae wiki mbili, mvua ikinyesha rangi ibanduke kama ganda la kiazi. Hapo dai, dada. Miaka yote hiyo ulikuwa unawalipia nini?

Picha yako haikunisaidia, inameremeta tu. Fanya kama ninavyowafanyia wateja walio mbali. Chukua karatasi kubwa za kufungia vitu, zibandike kwenye ubavu mzima, kisha laza penseli na usugue polepole, kama watoto wanavyochora sarafu. Mkwaruzo wote utatokea kwa ukubwa wake wenyewe. Pia bandua kigamba cha rangi pale palipoumia zaidi, ukifunge, nijue ni rangi gani ya kuagiza ukihitaji.

Halafu nauliza tu. Mwaka juzi ilikuwa kioo cha pembeni, mwaka jana bampa kwenye kona. Vyote si kushoto? Au nachanganya?

Nyundo

*

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi namtetea mimi: kigoda hakitembei, wewe ndiye mzembe tangu utotoni. Kipusa amefurahi kuhusu meno yako, ila ameuliza kama mke ulimpata kabla au baada.

Karatasi hizo hapo, nimezikunja mara nane. Nimesugua asubuhi nzima na penseli mbili zimeisha, na sikuruka hata kiduchu, nimefuata kuanzia mbele hadi nyuma kama ulivyoagiza. Majirani wamedhani nimerukwa na akili. Kigamba cha rangi kimo kwenye bahasha ndogo. Hayo ya mwaka juzi na mwaka jana hayahusiani na haya.

Fundi wa mtaani ameangalia, akazunguka, akavuta pumzi kama daktari anayekuja kutoa habari mbaya. Kasema kazi hii si ya kuziba, fenda ibadilishwe. Kwa hiyo umeshinda, nitadai. Nimechukua fomu. Sasa wanataka mambo mawili: maelezo ya dereva, na maoni ya fundi kuhusu chanzo cha uharibifu. Hapa sina fundi ninayemwamini. Niandikie wewe, kwenye karatasi ya gereji yako yenye muhuri, kwamba alama hizi ni za gari lililogongwa likiwa limesimama. Sentensi moja tu. Mimi nitajaza iliyobaki.

Usichelewe, tafadhali.

Dada yako

*

18 Machi

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Mwambie Kipusa ilikuwa kabla, lakini mke hakukimbia.

Nimezitandaza karatasi zako sakafuni, nikapiga magoti juu yake kutwa. Umefanya kazi safi, dada. Sijawahi kuletewa karatasi iliyosuguliwa vizuri hivyo, na ndiyo iliyokusaliti.

Mkwaruzo una kichwa na mkia. Unapoanza ni mpana na umezama, unapoishia ni mwembamba. Wako umeanzia kwenye fenda, ukaishia mlango wa nyuma. Gari lililokuja kutoka nyuma lingeanza na mlango wa nyuma. Halafu mstari wako umenyooka kama umepigwa rula, kimo kilekile mwanzo mpaka mwisho. Hakuna gari linalomkwaruza mwenzake kwa mstari wa namna hiyo, dereva akishtuka anakanyaga breki na pua inainama. Nikafungua kile kigamba. Juu ya rangi yako kuna rangi ya kijani, nene, ina michirizi ya brashi. Gari halipakwi kwa brashi, dada. Geti linapakwa kwa brashi. Uzio unapakwa kwa brashi.

Kitu kilichokukwaruza kilikuwa kimesimama. Aliyekuwa anatembea ni wewe.

Sitaandika ile sentensi. Si kwa sababu ya bima. Kugonga uzio si dhambi, mtu anagonga, anasema, analipiwa, ndiyo kazi ya bima kubwa. Ungeniambia hivyo siku ya kwanza ningecheka na wewe. Kinachoninyima raha ni kwamba hukuniambia, wewe uliyetuchapa sisi wadogo zako kwa kudanganya kwamba hatukulamba sukari.

Unamkumbuka baba na mwimo wa mlango? Alivyokuwa akiugonga kwa bega la kushoto, kila asubuhi anamlaani seremala kwamba kauweka mahali pabaya? Mlango ule ulikuwa hapo kabla hatujazaliwa. Miaka mitano baadaye alikuwa anatuomba tuwashe taa saa saba mchana.

Nina swali moja, na naomba usinijibu kwa mzaha. Kipusa anakaa upande gani wa gari?

Nyundo

*

24 Machi

Nyundo,

Barua nimepata. Hatujambo.

Kazi yako ni mabati, haya ya macho waachie wenyewe. Sikukuuliza habari za baba. Karatasi zangu unaweza kuzitupa.

Dada yako

*

30 Aprili

Mdogo wangu,

Umekaa kimya na mimi nimekaa kimya, na kati yetu mwenye haki ya kukaa kimya ni wewe. Nisamehe ile barua ya mwisho. Naiona aibu kila nikiikumbuka.

Kipusa hajambo, meno yameanza kuchomoza, mapana kama ya farasi. Mama yake amebadilishiwa zamu, sasa anaingia saa tatu.

Sikuwa kwenye duka la dawa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, natoka kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa Kipusa. Nilikuwa nasogeza gari taratibu kando ya uzio, ule wa mabomba ya kijani, pale watoto wanapopanga foleni saa nane kusubiri kuchukuliwa. Sikuuona uzio. Naomba unielewe, maana nimejaribu kumweleza mama Kipusa nikashindwa. Si kwamba niliuona nikakosea kipimo. Haukuwepo. Nilisikia sauti kwanza, nikashangaa ni nani huyo anayeburuta bati mchana kweupe, na nikaendelea kwenda. Mpaka mlinzi aliponipigia kelele ndipo nikageuza kichwa kizima, nikauona umejaa dirishani.

Nikashuka. Bomba la juu linanifika kiunoni. Nikasimama palepale nikawaza: Kipusa naye ananifika kiunoni. Kisha nikapanda gari, nikarudi nyumbani, na njiani nikatunga lile duka la dawa. Jumatatu yake nikampeleka shule kama kawaida. Hilo ndilo baya zaidi, Nyundo, si uzio. Nilimpeleka wiki saba nikijua.

Anakaa kushoto. Ulijua anakaa kushoto.

Ile barua ya hasira niliandika mchana. Jioni ileile nilimpa mama Kipusa funguo, nikamwambia miguu inaniuma. Baada ya wiki mbili nikamwambia ukweli. Alilia, halafu akanipangia siku ya daktari wa macho kwa amri, kama mimi ndiye mtoto. Daktari alinikalisha mbele ya bakuli jeupe la mashine, akanipa kitufe, nibonyeze kila nikiona nukta ya mwanga. Nilibonyeza kwa uaminifu. Kisha sikuona nukta yoyote muda mrefu, nikamwambia, "Daktari, mashine yako imekufa." Akasema taratibu, "Mama, mashine ni nzima." Ni presha ya macho, ileile ya baba. Kushoto pameondoka pakubwa na hapatarudi. Kilichobaki kinalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, mpaka nife. Gari basi.

Nikajaza fomu ya bima. Kuna nafasi wameandika: eleza kwa maneno yako jinsi ajali ilivyotokea. Mimi niliyefundisha insha miaka yote hiyo nilikaa saa mbili nikitafuta pa kuanzia. Mwisho nikaandika: "Nilikuwa naendesha mimi. Sikuuona uzio." Mkaguzi wao alikuja, akapima, akasema ajali ni ajali mradi nimesema kweli, fenda itabadilishwa na milango itanyooshwa. Jina langu limetolewa kwenye hati, gari sasa ni la mama Kipusa. Nikaweka sahihi, kisha nikaenda msalani nikalia kidogo.

Sasa tunakwenda shule kwa miguu, mimi na Kipusa, dakika ishirini na tano. Anashika mkono wangu wa kushoto. Kila penye shimo anasema, "Bibi, shimo," kwa sauti ileile ya kusoma mabango. Sikutegemea kwamba ningeipenda safari hiyo, lakini naipenda.

Hayo yangu yameisha. Tuje kwako. Nyani haoni kundule.

Umenisoma bodi, na mimi nimekusoma mwandiko. Nimetandaza mezani barua zako za miaka mitatu. Zamani ulikuwa unaacha ukingo kulia, nilikufundisha mwenyewe kabla hujaanza shule. Tangu mwaka jana maneno yako yanaanguka nje ya karatasi. Umeniandikia "mlan", na nadhani "go" limebaki juu ya meza yako. Anwani kwenye bahasha imepanda juu ya stempu. Huyu ndiye Nyundo aliyekuwa anachora mstari wa rangi ubavuni mwa basi bila kamba?

Sasa naelewa kwa nini picha "ilimeremeta". Naelewa kwa nini hushiki bomba la rangi. Baba alimlaani seremala, mimi nikamtunga dereva aliyekimbia, na wewe unagombana na kigoda.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda hospitali wiki hii, siyo mwezi ujao. Ukirudi uniandikie, na kabla ya kuandika ukunje karatasi upande wa kulia, upana wa vidole viwili. Usiuvuke mkunjo. Nitajua.

Dada yako anayekupenda

*

9 Juni

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Karatasi nimeikunja. Mkunjo nausikia kwa kidole, nikiufikia nashuka chini. Angalia kama kuna neno lililoanguka.

Nimechelewa kwa sababu barua yako niliiweka mfukoni wiki tatu nzima. Wifi yako aliipata alipokuwa anafua, akaisoma, akaja nayo gerejini mbele ya mafundi wote, akanishika mkono mpaka kituo cha basi. Hivyo ndivyo nilivyofika hospitali, dada, na ovaroli lenye rangi. Usinisifu.

Ni kweli ulivyosema. Mwaka jana nilipaka mlango wa gari la mteja, nikamkabidhi kwa fahari. Akaniuliza, "Fundi, hii ndiyo mitindo mipya?" Ukingo wa kulia, upana wa kiganja, haukuguswa na rangi. Wote tulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Siku hiyohiyo nikatundika bomba ukutani nikasema nimezeeka. Picha yako sikuona kitu. Ndiyo maana nilitaka karatasi kubwa kama mlango, nyeusi, niifuate na pua. Nilipoona mkwaruzo umeanzia fenda nilijua mara moja, kwa sababu nilikuwa najijua mimi. Nikakuandikia wewe yale niliyopaswa kujiambia. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo, na naomba radhi.

Wewe kushoto, mimi kulia. Daktari anasema yangu imewahiwa kidogo kuliko ya baba. Bado naruhusiwa kufanya kazi, siyo ya rangi; kunyoosha bati ni masikio na vidole, na hivyo bado ninavyo. Kigoda kiko palepale kilipokuwa siku zote. Nimekiomba msamaha, wifi yako amecheka mpaka akakaa juu yake.

Fenda wakishaiweka, usiipokee mpaka nije. Mafundi wa bima wana haraka, na gari atakalopanda Kipusa nitalipapasa mwenyewe, kila kiungo. Nimekata tiketi ya basi ya tarehe ishirini na moja. Wifi yako anakuja pia, amesema hanipeleki tu, ananikabidhi kwako.

Asubuhi nitakwenda nanyi shuleni kwa miguu. Nimeshapanga tutakavyotembea. Nitakaa kushoto kwako, wewe utakuwa kulia kwangu, kila mmoja pale mwenzake asipoona. Nautaka mkono huo wa kushoto kwa siku tatu. Mwombe Kipusa aniachie, yeye atangulie mbele na kutuambia mashimo.

Mdogo wako,
Nyundo